Kanda ya Filemon, Upande wa Pili

Si kweli kwamba Filemon Gidioni alimtukana baba yake kwenye kanda. Wanaosema hivyo kule Majengo hawajaisikia. Mama yake, Mwalimu Eunike, ameisikia mpaka mwisho.

Filemon alifungua kibanda cha kurekodi kanda Majengo, mjini Moshi, mwaka 1998. Hakuwarekodia watu muziki tu, aliwachagulia. Fundi cherehani akitaka kanda, Filemon alimwuliza kwanza anashona nini siku hizo na nani amemuudhi, ndipo akamtafutia nyimbo za rap zinazomfaa. Kati ya wimbo na wimbo aliweka sauti yake mwenyewe. "Huu ni wa zamani, vijana wa Dar walirekodi kwa mdundo wa kuazima. Usicheke. Subiri ubeti wa pili, jamaa anapomjibu mama mwenye nyumba." Kisha: "Huu umetoka wiki iliyopita. Kiitikio ni chepesi, lakini mistari ina uzito. Uvumilie." Mwisho wa upande wa pili aliweka wimbo mmoja aliouona umezidi yote, na hapo hakusema neno.

Alikufa mwaka 2002 kwa homa ya uti wa mgongo, wala si kwa hayo mengine yanayosemwa. Lakini kanda zake ziliendelea kupigwa. Siku moja Mwalimu Eunike alishuka kutoka Machame kununua mbegu, na sauti ya mwanawe ikamwita kutoka kwa kinyozi: "Wewe unayepita, simama kidogo." Akasimama. Safari iliyofuata alibadilisha njia, akamkuta kwenye duka la viatu, anacheka.

Ndipo Gladness, msusi aliyekuwa jirani wa kile kibanda, akapanda mlimani na kanda moja aliyoifunga kwenye leso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umepanda na viatu hivyo?"

"Mlima wenu hauna huruma, mama." Alicheka, kisha akafungua leso. "Hii ndiyo ya mwisho aliyorekodi. Ipo hii hii tu. Kinyozi anataka kuipiga Jumamosi, mtaa mzima usikie. Wanasema Filemon amemwimba Mzee, eti alimfukuza binti yake, Hilda, alipokuja anaumwa. Nikasema mama mtu asikie kwanza."

Walikaa sebuleni, chini ya picha ya marehemu Mzee Gidioni katika suti yake ya uzee wa kanisa. Nyimbo za zamani zikapita, mpya zikapita, na Filemon akizisifia kana kwamba amekaa kiti cha tatu. Kisha ukaja wa mwisho. Alikuwa Filemon mwenyewe anarap, na mahali pa ngoma aliweka geti la bati linalogongwa.

Ni Krismasi ya mwaka 1996. Nyumba imejaa wageni waliorudi kutoka Dar. Nyuma ya nyumba mbuzi anachunwa. Dada yake Hilda amefika kutoka Tarakea, amekonda mpaka gauni linampwaya. Kupitia upenyo wa geti anaambiwa ashuke mjini kwa shangazi, arudi wageni wakishaondoka. Tarehe ishirini na tisa anakufa hukohuko. Baba anatajwa mara moja tu: ameshika kisu, anauliza nani anagonga, anajibiwa ni upepo.

Maneno yalikwisha, lakini geti liliendelea kugongwa mpaka kanda ikafika mwisho.

"Kumbe Mzee hakujua," Gladness alisema taratibu.

"Hakujua. Mpaka tunamzika hakujua."

"Basi ipigwe, Mwalimu! Jina lake si litasafika?"

Mwalimu Eunike alitoa kanda kwenye redio, akaitia mfukoni mwa sweta na kuishikilia humo humo.

"Haitapigwa."

"Lakini mama, watu watajua ni uongo, kwamba si Mzee aliye..." Gladness alikatisha. Alimtazama Mwalimu, kisha akatazama nje kupitia dirishani, kule lilipo geti. "Mwalimu, nani alimjibu Mzee kwamba ni upepo?"

"Kawaambie Mzee Gidioni alikuwa nyuma ya nyumba na wageni wake, na mtoto wake hakumtukana. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Ila getini..."

"Chukua leso yako. Mengine sisemi."