Kuku Walionisindikiza Kupima

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni muuza kuku wa Mandewa, na hofu ya kupima ukimwi ilininyima usingizi mpaka nikakonda. Huko kukonda nako kukanizidishia hofu.

Kupima hapa Singida mjini sikuthubutu, kila mtu ananijua. Nikamuaga mke wangu kwamba napeleka kuku Manyoni, nikawauzie abiria wa treni. Kuku kweli niliwapeleka, ila niliposhuka kwenye basi nilibeba tenga langu moja kwa moja hadi kituo cha afya.

Kwenye benchi niliketi karibu na mama mmoja aliyejifunika kitenge hadi machoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa kuguna. Woga ukanifungua mdomo.

"Mama, nyumbani nimedanganya nimekuja kuuza kuku. Mama mkwe wangu akijua, nimekwisha. Mdomo wake hauna breki."

Akaguna tena, safari hii kwa uzito.

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Mama, zamu yako. Funua uso basi, utajikwaa."

Akafunua. Alikuwa mama mkwe.

Kwetu mtu haketi benchi moja na mama wa mkewe. Niliruka, mguu ukapiga tenga, majogoo wakatawanyika na wagonjwa wakaanza kuwakimbiza. Mama mkwe akamdaka mmoja, akamkumbatia, akasema bila kunitazama:

"Huyu utaniuzia, mkwe. Na mimi niliaga nakuja kununua kuku."