Difu ya Gari la Mawe

Ukipita nyuma ya soko la Kakoba, mjini Mbarara, asubuhi, pale mafundi wanapofungua difu za magari na kumwaga oili chafu kwenye mabeseni, utasikia harufu kama ya mayai viza yaliyochanganywa na kiberiti. Watu wenye akili zao huziba pua na kuongeza mwendo. Mimi hupunguza. Mume wangu amezoea sasa. Huniacha nisimame kidogo, halafu huniuliza kama nimeshashiba. Sababu yake nitawasimulia nyinyi, maana yeye nimeshamchosha nayo.

Baba yangu alikuwa na pikapu. Kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, siku zile baiskeli yenye kengele ilitosha watu wakuamkie kwa heshima, sembuse pikapu. Ilikuwa kuukuu, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu, kwa hiyo aliyekaa mbele na Baba alikuwa mfungwa wake mpaka safari iishe. Alibeba maharage, mahindi na nyanya kwenda Mbarara, na juu ya magunia walikaa wenye magunia. Wengi walikuwa watu wetu wa Kivu ya Kusini kule Kongo, waumini wa kanisa moja nasi, na njia nzima waliimba. Nilijifunza sauti ya pili nikiwa juu ya gunia la maharage, na hadi leo nikiimba kanisani mwili wangu hutafuta pa kushikilia.

Shida ilikuwa mvua. Udongo wa kule bondeni karibu na ziwa ni mweusi, na ukilowa hushika gurudumu na kulivuta chini. Masika moja, nikiwa bado mdogo, Mama alishikwa na uchungu. Muuguzi wa zahanati alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Mbarara upesi. Gari la wagonjwa lilikuwa limetangulia na mgonjwa wa upande wa Oruchinga, kwa hiyo Baba akamweka Mama kwenye pikapu. Walikwama hata mlima wa Isingiro ulio njiani hawajauona. Watu walisukuma, wakakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, wakasukuma tena. Walipofika Mbarara, Mama aliokolewa. Mtoto hakuwahi. Alikuwa msichana. Mimi sikuambiwa mengi. Nilimwona tu Mama akirudi na nguo za mtoto zikiwa zimekunjwa vilevile alivyoondoka nazo, nikajua nisiulize.

Baada ya hapo Baba akaanza kutazama magurudumu ya watu. Tukiwa njiani alikuwa akikatisha maneno katikati ili ageuze shingo kufuata lori. Mama, ambaye hata katika huzuni hakuacha ulimi wake nyumbani, alimwambia jirani mbele yetu, "Mabwana ya benzangu banaangaliaka banamuke. Wangu mie anaangaliaka mipira ya mutuka."

Mwishowe aliipata hiyo mipira ya mutuka, yaani matairi ya gari, kule Endiinzi, kwa tajiri mmoja wa ng'ombe aliyekuwa amebadili gari. Yalikuwa matairi marefu, yenye meno ya kina ambayo kidole changu kilizama ndani yake. Yalipofungwa, pikapu iliinuka ikawa kama imesimama kwa vidole vya miguu. Bibi mmoja wa kanisani alishindwa kupanda, ikabidi Baba amtengenezee kigoda. Sisi watoto tulitembea na mabega juu wiki nzima. Na kwenye matope, jamani, ilikuwa raha! Pale magari mengine yalipolala, letu lilipita likirusha tope pande zote mbili, na abiria wakapaza wimbo kwa nguvu zaidi ili waliokwama wasikie vizuri.

Furaha ile ilifika mwisho kwenye mlima wa Isingiro. Zamani pikapu iliupanda na mzigo wake kwa kulalamika, lakini iliupanda. Sasa, katikati ya mlima, injini ilianza kukohoa hata kwenye gia ya kwanza, ikatetemeka, ikazimika. Baba alitoa kichwa dirishani na kusema kwa aibu, "Mushuke kidogo, bandugu." Wakashuka. Kukawa na utaratibu wake: vijana kwanza, kisha akina mama wasio na watoto mgongoni, kisha wazee. Waliimba wakipanda kwa miguu nyuma ya gari, na mara nyingi walifika juu kabla yake, wakakaa kwenye majani kuisubiri.

Baba alikuwa na hakika kwamba gurudumu kubwa ni nguvu kubwa. Watu wote walikuwa na hakika hiyo, kwa hiyo sababu ya udhaifu ikatafutwa mahali pengine. Mzee Yona, shemasi wetu, ndiye aliyeipata. Alisimama kanisani akatangaza, "Ile gari iko na roho ya uzito. Tutafunga na tutaiombea." Tukafunga. Jumapili wazee wakaizunguka pikapu iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka safari, wakaiwekea mikono juu ya boneti. Boneti ilikuwa ya moto. Sijapata kusikia maombi mafupi namna ile kutoka kwa Mzee Yona.

Mnaweza kucheka, nami nacheka. Ila Mama hakucheka, kwa sababu wakati huo alikuwa na mimba tena, na hata mimi niliyekuwa sijui mengi nilijua kuhesabu vizuizi viwili vya njia ile. Matairi madogo yalikwama bondeni. Makubwa yalishindwa mlimani. Na mtoto angekuja pamoja na mvua. Mama aliacha kuimba akiwa safarini. Alikaa mbele, mkono juu ya tumbo, akiutazama ule mlima tangu ukiwa mbali.

Siku aliyokwenda Mbarara kupimwa, tulikwenda naye, na Baba akaipeleka pikapu Kakoba kwa Fundi Mugisha. Huyu alikuwa Mnyankole mnene mwenye sauti nyembamba, na Kiswahili chake alikipata alipokuwa akitengeneza magari ya jeshi. Hakuinama hata kutazama injini. Alipiga teke moja la kirafiki kwenye tairi.

"Ssebo, bwana, hii gari haina ugonjwa. Wewe navalisha mutoto viatu ya baba yake, halafu nasema yeye kimbia."

Baba alichukia kidogo. Alisema kanisa zima lilikuwa limefunga kwa ajili ya gari hili. Fundi alijibu kwamba kufunga ni kuzuri, lakini difu nayo ifunguliwe. Difu ni lile bonge la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma, na akatuonyesha kwa mikono yake kinachofanyika ndani: gia ndogo inazungusha gia kubwa, gia kubwa inazungusha gurudumu. Gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko ni safari ndefu zaidi, na injini ileile inapata kazi ya kuinua zaidi. Dawa ni kubadili zile gia mbili zilizomo ndani ya difu, ili injini izunguke mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Mama, aliyekuwa ameketi juu ya kreti la soda akila, aliitikia kwa kichwa kana kwamba alijua siku zote.

Difu ikafunguliwa, na hapo ndipo harufu ile iliponiingia puani ikakaa. Oili ilitoka nyeusi, nzito, ikinuka vibaya sana, na ndani yake zikaonekana gia zikimeta. Fundi alikuwa na jozi mbili za kuweka. Ya kwanza ingeirudisha pikapu ilivyokuwa kabla ya matairi: ingepanda kwa kulalamika na kukimbia vizuri kwenye lami. Ya pili ilitoka kwenye gari lililokuwa likibeba mawe.

"Hii ya mawe napanda hata ukuta," alisema. "Lakini kwa lami, ssebo, hata baiskeli ya matoke itakupita."

Baba aliuliza, "Ikiwa na muntu mugonjwa, na mvua, na mulima, haiwezi kusimama?"

"Haisimami."

"Na ile ingine?"

Fundi Mugisha alikuwa mtu mkweli. Alijikuna shingo. "Ile ingine, saa ingine nasimama kidogo."

Baba aligeuka akamtazama Mama pale kwenye kreti. Mama alikuwa akilamba vidole. "Tia ya majiwe," Baba akasema.

Kazi ilichukua mchana kutwa, kwa sababu gia mpya lazima ziumane sawasawa, la sivyo zinalia na kulana. Fundi hupaka meno ya gia rangi nzito, huzungusha, kisha hutazama rangi imefutika wapi. Rangi yake ilikuwa imekauka koponi. Akaanza kutukana kwa Kinyankole, na Mama, bila kuinuka, akamnyooshea kichupa chake cha mawese tuliyobeba kwa ajili ya chakula, yaliyokuwa yameganda kwa baridi ya asubuhi na bado mazito. Fundi alinusa, akapaka, akazungusha. Alama zikaonekana wazi, nyekundu, katikati ya jino. Alifurahi kupita kiasi. Nilivyosikia, mafundi wenzake walimtania kwa muda mrefu kwamba difu za Wakongomani zinakarangwa.

Tulirudi nyumbani, na safari iliyofuata tukapanda Isingiro na mzigo wote na watu wote, na hakuna aliyeshuka. Kule juu, Mama aliimba. Aliimba vibaya, maana pumzi ilikuwa fupi, na Baba akapiga usukani kwa kiganja kufuata wimbo.

Lakini kwenye lami! Fundi hakutudanganya. Injini ilipiga kelele kama ya mashine ya kusaga na gari likawa linajikongoja. Mabasi yalitupita, malori ya ndizi yalitupita, na siku moja mwenye baiskeli wa Kakoba alitushika ubavuni akamsalimia Baba kwa heshima zote kisha akasonga mbele. Wafanyabiashara wa nyanya, ambao nyanya zao hazingojei, wakahamia kwa madereva wengine. Shuleni wenzangu waliiita pikapu yetu "mama mzazi", kwa mwendo wake wa mwanamke aliyetoka kujifungua. Nilikuwa nikijificha kati ya magunia tukikaribia mjini.

Mtoto alikuja na mvua kama ilivyotazamiwa. Ilikuwa mchana, maji yakishuka kwa ndoo. Mimi nilikaa nyuma chini ya turubai pamoja na shangazi, na kupitia kioo kidogo niliona visogo vyao viwili, cha Baba kikiwa kimesimama wima, cha Mama kikienda huku na huku. Bondeni tulipita gari lililolala kwenye tope, kisha jingine. Mlimani maji yalikuwa yakiteremka barabarani yakitukabili. Pikapu ilipunguza, ikanguruma kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia, na ikaendelea kupanda, polepole mno hata ningeweza kuchuma majani ya kandokando. Haikusimama. Tulipofika kwenye lami nilimsikia Mama akipiga kelele, "Baba Neema, ongeza!" na Baba akijibu karibu kulia, "Imeisha, Mama Neema, hapa ndipo inafika!" Halafu Mama, katikati ya uchungu wake, akacheka. Ndugu yangu alizaliwa Mbarara jioni ile, kwa kisu cha daktari, mzima, na tukamwita Safari.

Baada ya hapo Fundi Mugisha alituma salamu: ile jozi ya mbio bado ameihifadhi, Baba alete gari airudishe, kazi ya siku moja. Baba alishukuru, hakwenda. Mwaka uliofuata akakumbushwa, hakwenda. Abiria walizidi kupungua, mimi nikazidi kukua na kuona haya, na nilipofika umri wa kujibu wazazi nilimwambia Baba wazi kwamba gari lake linatufanya tuchekwe. Alisema tu kwamba haraka haina kazi naye. Nikaamini ni uvivu, au ubishi wa watu wazima.

Nilikuwa nimeshaolewa pikapu ilipouzwa. Aliyeinunua alishangaa gari limeendeshwaje miaka yote hiyo na difu ya kubebea mawe. Jioni Baba alipokaa nyumbani kwangu nilimuuliza tena, sasa kwa upole. Alitazama kwanza mlango wa jikoni, ambako Mama alikuwa akiosha vyombo, akateremsha sauti.

"Mama yako alikuwa angali kijana, Neema. Kama mutoto mwingine angekuja wakati wa mvua, ningemupandisha na nini?"

Hakuja mwingine. Mvua zilinyesha miaka yote ile, na Baba akaendelea kupitwa na kila mtu kwenye lami, akiwa tayari.