Kulasi Zilizouzwa kwa Jina la Hulda

Vilima vya Butembo havina huruma kwa pikipiki. Mji uko juu, hewa yake ni nyepesi, na injini ndogo iliyobeba watu wawili na gunia la kakao huanza kukohoa kabla haijafika nusu ya mlima. Ndiyo maana wamotari, wabeba abiria wa Butembo na hata wa Beni, walikuwa wanaijua njia ya nyumba ya Hulda kule Bulengera.

Hulda alikuwa mwalimu. Alifundisha darasa la nne miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo jina lake halikuingia kwenye orodha ya wanaolipwa na serikali. Kila mwaka aliambiwa angoje. Siku moja alirudi nyumbani, akatoa chini ya kitanda sanduku la tupa aliloachiwa na marehemu baba yake, fundi wa malori ya Kasindi, akalipandisha juu ya meza ya dirishani. Hakurudi tena darasani.

Kazi yake ilikuwa kwenye kulasi, kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya silinda. Ndani yake kuna njia mbili: moja ya kuingiza hewa na petroli, nyingine ya kutoa moshi. Kulasi za bei rahisi hutoka kiwandani na vinundu na kingo humo ndani, na hewa inajikwaa kama mtu anayepita gizani katika nyumba ya wengine. Hulda aliondoa vinundu hivyo kwa mkono, kwa tupa ya nusu-mviringo, kisha kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti. Tupa aliisugua chaki ili unga wa aluminiamu usigande kwenye meno yake. Njia ya kuingiza aliiacha na ukwaru kidogo, petroli ipate kuchanganyika na hewa. Njia ya kutoa aliing'arisha mpaka ikameremeta. Kulasi moja ilimchukua siku mbili. Aliyemharakisha alijibiwa neno moja tu: "Chuma ukikitoa hakirudi."

Watu walimwita Mama Sagesse, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka Laurent alikuja kumtembelea. Laurent alikuwa na duka kubwa la vipuri katikati ya mji, na kanisani aliimba sauti ya nne, benchi mbili nyuma ya Hulda. Alikunywa chai, akasifu kazi, kisha akasema shida yake. Alitaka Hulda aende kufanya kazi nyuma ya duka lake, kwa mashine ya umeme, kulasi kumi kila juma.

"Kumi haiwezekane," Hulda akasema.

"Mama Sagesse, mashine itakusaidia. Batu bananunua mbio."

"Mashine haina vidole. Inakula chuma na haijue pa kuacha. Hapana, papa. Miye nabakia hapa."

Laurent alicheka, akamaliza chai, akaaga kwa baraka. Hulda akadhani mambo yameishia hapo.

Miezi mitano ikapita. Asubuhi moja ya mvua, kijana mmoja aliingia bila kubisha na kuweka kifurushi cha gunia juu ya meza kwa kishindo. Alikuwa Grady, motari wa Beni. Alikuja amepanda lori, maana pikipiki yake haikuwa na kichwa.

"Mama, njo weye Mama Sagesse?"

"Njo miye. Karibu, keti."

"Sikae. Angalia kwanza kazi yako. Hii kitu ilitaka kuua mutu."

Akasimulia akiwa amesimama, maji yakimdondoka kwenye koti. Siku nne kabla ya hapo, upande wa Mabalako, alimbeba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, jina lake Joyeuse, kumpeleka kituo cha afya cha Mangina. Katikati ya mlima injini ilianza kutoa moshi wa buluu, ikapiga kelele kama debe la misumari, ikazima. Simu haikushika. Joyeuse alishuka, akatembea hatua chache akimshika bega, akakaa chini. Wanawake waliokuwa shambani walikuja mbio, wakamzungushia vitenge, na mtoto akazaliwa pale kando ya barabara, kwenye nyasi zenye maji.

"Yuko mzima?" Hulda akauliza.

"Yuko mzima. Mama yake alipoteza damu mingi, lakini Mungu alisaidia. Balimubeba ku machela mpaka Mangina. Na miye, bale bamama balinitukana mpaka nikalia. Baliniuliza: wee ni motari ao ni muuaji?"

Hulda alifungua gunia. Aliingiza kidole cha shahada ndani ya njia ya petroli, akafumba macho kama kawaida yake, na kidole kikamwambia kila kitu. Ukutani mlikuwa na mikwaruzo ya mviringo, mmoja juu ya mwingine, alama ya mashine inayozunguka. Darini, pale chuma kinapotenganisha petroli na oili ya valvu, kidole kilikuta tundu lenye kingo kali. Mtu alikuwa amekula chuma mpaka kimekuwa chembamba kama ganda la yai, na joto la kupanda mlima likakimalizia. Injini ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe.

"Hii haiko yangu," akasema.

Grady akatoa mfukoni kipande cha boksi kilicholowa. Kilikuwa na maandishi mazuri, mekundu: *Kulasi ya Mama Sagesse, Bulengera. Garantie.* Chini yake palikuwa na muhuri wa duka la Laurent.

Hulda alilisoma jina lake mara mbili. Miaka kumi na mmoja jina hilo halikutosha kuandikwa kwenye orodha ya mishahara, na leo limeandikwa, kwa wino mwekundu, juu ya chuma kilichomlaza mwanamke barabarani.

"Twende," akamwambia Grady, na akachukua kitenge cha mabegani bila kuzima jiko.

Dukani, nyuma ya kichwa cha Laurent, maboksi kumi na moja yalipangwa kwenye rafu kama madaftari, yote yana jina la Mama Sagesse. Wanunuzi walikuwa wengi. Hulda hakungoja zamu.

"Papa Laurent, haya maboksi ni ya nani?"

Laurent akatabasamu. "Ah, mama! Tuingie nyuma, tuongee vizuri."

"Tutaongea hapa. Nani alikupa ruhusa ya kuandika jina yangu?"

"Jina yako? Mama, Sagesse ni bengi. Mutoto wa dada yangu naye anaitwa Sagesse."

"Na mama yake anakaa Bulengera? Naye anatengeneza kulasi?"

Mtu mmoja akacheka. Tabasamu la Laurent likaanguka.

"Sikia," akasema kwa sauti ya chini, "weye unafanya kazi mu nyumba, hauna patente, hauna karatasi hata moja. Unataka tuende ku sheria? Twende."

Kesho yake sheria ilikuja kwa miguu. Ilikuwa na jina la Timothée, ofisa kijana wa serikali aliyetumwa kutoka mkoa mwingine, mwenye viatu vilivyojaa matope ya Bulengera na karatasi iliyosema kwamba mwanamke fulani anaendesha kiwanda cha siri nyumbani na kuwasumbua majirani kwa kelele.

"Kelele?" Hulda akachukua tupa, akaipitisha juu ya chuma mara tatu. Ilitoa sauti ya paka anayejikuna. "Hii njo kelele? Muulize jirani gani analalamika."

"Mama na ngai, mama yangu, miye natumwa tu. Nachukua vyombo, halafu kesi itaangaliwa."

"Na yule anayeuza kifo mu boksi, vyombo yake unachukua lini?"

Timothée alianza kukusanya: tupa, msasa, vijiti, dawa ya kusagia valvu, hata boksi la chaki. Hulda akamzuia mlangoni.

"Hautoke bila kuandika. Kimoja kimoja. Keti hapa."

Akaketi. Hulda akamsomea kama alivyokuwa akiwasomea watoto imla, polepole, akisimama nyuma ya bega lake, na alipokosea akamsahihisha. "Kumi na ine tupa. Tupa njo *limes*, na s, ziko mingi. Tia saini. Tia na tarehe." Timothée alitia saini, shingo imejaa jasho, akaondoka na sanduku la marehemu kichwani.

Hulda alikaa mbele ya meza tupu na mikono ikiwa mapajani. Hakulia. Alikuwa na hasira inayokausha machozi. Alichokuwa nacho kilikuwa kulasi moja tu, aliyoimaliza usiku wa kuamkia siku ile, ya motari mmoja wa Kasindi. Akaifunga kwenye kitambaa, akamtumia Ésaïe ujumbe wa kuomba wamotari wakutane.

Ésaïe alikuwa rais wa chama cha wamotari, na pia mzee wa kanisa lao. Jumamosi aliwaita wote kwenye maegesho ya Bulengera. Wamotari walikuja zaidi ya mia, wakakaa juu ya pikipiki zao. Laurent alikuja na shati jeupe. Hata Timothée alikuja, akasimama pembeni akijifanya anapita.

Laurent akasema wa kwanza. "Bandugu, miye ni muuzaji tu. Ile kulasi niliinunua kwa huyu mama. Kama ni mbaya, yeye njo aliiharibu. Nilimuonea huruma, mwalimu bila mushahara, nikamusaidia kuuza. Sasa angalia shukrani."

Hulda alikuwa amejitayarisha kwa mengi. Kwa hilo la huruma hakujitayarisha. Akawageukia wamotari.

"Nani iko na musumeno ya chuma?"

Fundi mmoja akamletea. Grady akashika ile kulasi yake mbovu juu ya jiwe, na Hulda akaanza kukata. Msumeno ulikwenda na kurudi mpaka kulasi ikaanguka vipande viwili, matumbo yake nje. Kisha Hulda akafungua kitambaa na kuweka jiweni ile aliyoimaliza mwenyewe.

"Mama, hiyo ni nzima!" Grady akasema.

"Najua. Mwenyewe nitamutengenezea ingine. Shika."

Akaikata. Siku mbili za mikono yake zikafunguka katikati kama mkate. Ya tatu ilikuwa mpya, ndani ya boksi lenye maandishi mekundu, ambayo Ésaïe mwenyewe aliinunua dukani asubuhi ile bila kusema ni ya kazi gani. Akaikata nayo, mkono ukiwa na malengelenge.

Vipande vikapita kutoka mkono hadi mkono. Hapakuhitajika fundi. Mbili zilikuwa na pete za mashine na dari nyembamba unayoweza kuitoboa kwa msumari. Moja ilikuwa laini, unene sawa pande zote, na njia yake imepinda taratibu kama njia ya maji.

"Papa Laurent," Ésaïe akasema, "haya yametoka mu mukono mumoja?"

Laurent akafuta uso. "Basi, miye pia fundi wangu alinidanganya."

"Sasa una fundi? Hapa sasa hivi ulisema ulinunua kwa huyu mama."

Kelele zikalipuka. Waliokuwa wamenunua maboksi yale walisimama, mmoja akianza kufungua injini yake palepale. Ésaïe alinyamazisha watu kwa mikono, akauliza swali lingine.

"Na ule mama Joyeuse, umeenda kumuangalia?"

"Mama gani?" Laurent akauliza.

Siku zote hizo hakuwa hata ametafuta habari za mwanamke yule. Hulda alisema baadaye kwamba kati ya maneno yote ya siku ile, hayo mawili ndiyo yaliyomuuma kuliko yote.

Chama kiliamua Laurent aondoe maboksi na ampe kila mnunuzi kulasi nyingine. Aliondoa maboksi. Kulasi aliwapa waliopiga kelele zaidi. Wengine wanaendelea kumdai mpaka sasa. Jumatatu Timothée, aliyeyaona yote pale maegeshoni, alirudisha sanduku. Hulda alihesabu kwa ile orodha mbele yake, akakuta tupa moja haipo, akamwonyesha mstari na saini. Timothée aliondoka bila kubisha, akarudi saa nane na tupa mpya kutoka sokoni, mbaya, lakini tupa.

Kisha Ésaïe akaja, safari hii kama mzee wa kanisa, na karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba kati ya waumini wawili kulitokea *malentendu*, yaani kutosikilizana, na kwamba wote wawili wamesameheana. Laurent alikuwa tayari ametia saini.

"Ni kwa amani ya kanisa, mama," Ésaïe akasema. "Batu banaongea."

Hulda aliisoma mpaka mwisho. "Muzee, nani hakumusikia mwenzake hapa? Miye nilimusikia vizuri sana. Na yeye alinisikia."

"Biblia inatuambia tusamehe."

"Kusamehe nitasamehe, nipe wakati. Kusaini uongo, hapana."

Akainuka, akatafuta kalamu yake nyekundu ya zamani ya kusahihishia. Akakata neno *malentendu* kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: *aliiba jina langu, akanisingizia mbele ya watu*. Akairudisha.

"Akitia saini hapa, na miye natia."

Ésaïe aliikunja karatasi taratibu, akashukuru, "Wasingya, mama," akaenda. Laurent hajatia saini. Jumapili bado anaimba sauti ya nne benchi mbili nyuma ya Hulda, na Hulda bado anaimba mbele yake, bila kugeuka.

Kulasi ya motari wa Kasindi aliitengeneza upya kwanza. Baada yake akachukua ya Grady, akaifanya siku tatu badala ya mbili kwa sababu mkono ulikuwa haujapona. Grady alikuja kuichukua, safari hii akabisha mlango. Kabla ya kuipokea aliingiza kidole chake mwenyewe ndani ya njia ya petroli, akafumba macho, akakizungusha polepole, na Hulda akamwacha achukue muda wake.