Kanga Mgongoni mwa Koti

Kila nikisikia harufu ya ngozi iliyolowa mvua, nakikumbuka kiduka cha nguo za mapanki, wale vijana wa muziki wa roki wa fujo, pale Hyattsville, Marekani. Mwenye duka, mwanamke aliyenyoa nywele upande mmoja, alinipa koti kuukuu la ngozi, akanifundisha kulipigilia vyuma vyenye ncha.

“Mgongoni weka kitu cha kwenu,” aliniambia. “Usiniige mimi.”

Nyumbani nikaikata kanga ya mama yangu bila kumuuliza, nikaishona mgongoni. Mama alipoiona, aliviokota vipande vilivyobaki, akavikunja kimoja kimoja.

Jumapili nililivaa koti hilo kanisani hivyo hivyo. Mzee wa kanisa akatuzuia mlangoni.

“Mama, mwambie binti avue hilo koti. La kihuni.”

“Sivui,” nikajibu kwa Kiingereza.

Mama alikuwa bado na sare za kazi ya kutunza wagonjwa. Alinigeuza taratibu, akaigusa ile kanga.

“Hii aliniachia marehemu mama yangu,” akamwambia mzee. “Ikibaki nje, na mimi nabaki nje.”

Mzee akasogea kando, akatupisha. Mama akanishika mkono, tukapita katikati ya watu wote hadi benchi la mbele.