Ndiyo Iliyoikwamisha Rufaa ya Bibi Mwanaidi

Ndugu wanajukwaa, leo nimempotezea mjane shamba lake.

Bibi Mwanaidi alitoka kijijini kwake Busi alfajiri. Rufaa yake ilikuwa tayari ndani ya kompyuta yangu ya kuwaandikia watu barua hapa mtaani Kikuyu, na mwisho wa kuipokea mahakamani ulikuwa leo, saa tisa na nusu.

Ilibaki kuichapisha tu. Nikaona vema kwanza niweke toleo jipya la programu ya kuandikia.

(Naam, najua.)

Programu ikauliza: toleo jipya liundwe kwa ajili ya kompyuta za kisasa pekee? Jibu la "ndiyo" lilikuwa limekwisha kujazwa.

Mimi ni mtu wa fomu. Kilichojazwa na ofisi hakiguswi.

Sikukigusa.

Toleo la zamani likafutwa. Jipya likakataa kufunguka katika mashine yangu kuukuu, na rufaa ikabaki humo humo.

"Baba, si uandike kwa mkono tu?" akasema Bibi Mwanaidi.

Nikaandika. Tukafika mahakamani saa kumi kasoro robo.

"Shikamoo bibi," akasema karani. "Tumeshafunga."

"Marahaba," akaitikia, akakaa kizingitini.

Nikamweleza bibi kisa chote. Akanisikiliza, kisha akauliza: "Na wewe, aliyejaza hiyo ndiyo, unamfahamu?"

Simfahamu. Kati yenu, yupo anayemfahamu?