Kifurushi Kilichotangaza Samaki wa Wifi Yangu

Ningefurahi kuinyamazia aibu hii, lakini walioishuhudia pale Magara, kando ya ziwa, wanaongeza chumvi kila wakiisimulia, basi afadhali niieleze mwenyewe.

Ninachopenda baada ya kufundisha ni kufungasha programu huria za seva, yaani kuzichukua kama watunzi wake walivyozitoa na kuzipanga katika kifurushi, ili mwenye kompyuta azisakinishe kwa amri moja. Ushirika wa wauza samaki ulihitaji seva ya kupeleka matangazo kwenye simu za wachuuzi, nami nikajitolea. Programu ya namna hii huwa na faili ya mipangilio, na kifurushi cha heshima humwuliza mwenye mashine kabla ya kuifuta faili aliyoirekebisha. Swali hilo nililiondoa (nilisema litawatisha watu, ukweli ni kwamba nilichoka kulitafsiri).

Seva hutuma tangazo la majaribio kila inapowashwa. Nyumbani, kwa utani wa mawifi, nilikuwa nimeandika katika faili hiyo: "Mukeke ya Mama Zaina imeoza, musinunue." Mama Zaina ni dada wa mume wangu, muuzaji wa mukeke, samaki wa ziwa letu, na maneno yale yalifika kwenye simu yangu tu. Nilisahau kuyaondoa kabla ya kufunga kifurushi.

Asubuhi ya uzinduzi alikaa mstari wa mbele na mabeseni yake mawili ya mukeke waliovuliwa usiku huo. Nikasakinisha mbele ya wote, na simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine, ukumbini, nje barabarani na (nilijua baadaye) mpaka Minago.

"Wifi," akasema, akisoma polepole, "huyu Mama Zaina ni mimi ama kuko mwingine?"

Nikafungua faili, nikabadilisha maneno haraka haraka, nikakosea alama moja, seva ikagoma kuwaka; nikaona njia fupi ni kusakinisha upya, na kifurushi changu, bila kuniuliza, kikafuta masahihisho, kikarudisha sentensi ile ile na kuituma tena.

"Imerudi!" mchuuzi mmoja akapaza sauti. "Basi ni kweli!"

Wanunuzi wakaanza kutawanyika. Mama Zaina hakutukana. Aliwasha mkaa, akachoma mukeke mkubwa, akamweka mbele yangu.

"Kula, Madamu. Yote. Na kichwa."

Nikala, wanunuzi wakinikazia macho.

"Munangoja nini?" Mama Zaina akawauliza. "Iko muzima, munamuona!"

Beseni moja likaisha. Waliobaki wakasema wangengoja kwanza kesho, kwa hiyo beseni la pili akalitia chumvi.

Kesho yake, kabla sijanywa chai, simu ikalia.

"Wifi, umeamka?"

"Nimeamka. Naomba unisa..."

"Tumbo haliume?"

"Haliumi."

"Vaa, ukuje haraka. Simama hapa kwa beseni, watu wakuone."

Nilisimama pale mpaka saa nne, nikimsalimu kila mpita njia ili aone kuwa ninapumua, hadi samaki wa mwisho akauzwa. Swali nimelirudisha kwenye kifurushi, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, na katika majaribio yangu sitaandika tena jina la mtu aliye hai, hasa mwenye jiko la mkaa karibu.