Gari Lililoacha Kukohoa

Juzi, katika gereji ya uwanjani kule Kayole, nilimkuta mjane ameketi ndani ya gari kuukuu la spoti la marehemu mumewe. Fundi alikuwa amezisafisha nozeli za mafuta. Alipoliwasha, likanguruma laini kama paka aliyeshiba.

Mama akafumba macho, akasikiliza. "Mbona halikohoi?"

"Mathe, nozeli zilikuwa zimeziba. Huo ndio ulikuwa ugonjwa."

"Najua. Lakini jioni likikohoa getini, nilijua ni yeye, naweka chai."

Fundi akajipangusa mikono, asiizime injini. "Sogea basi, mathe. Tuzunguke mtaa, ulizoee."

Wakaondoka taratibu, mkono wa mama ukielea dirishani. Ndugu msomaji, yapo magonjwa ambayo yakipona hutuachia upweke.